Maswali ya Wasomaji: Kifaru IS-2 cha Mwaka 1945 na Picha za Makumbusho

SWALI: Mhariri, ninaunganisha modeli ya plastiki ya kifaru kizito cha Kisovyeti IS-2 kwa skeli ya 1:35 (yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), nami nakusudia kiwe kama vile vilivyopigana Berlin mwaka 1945. Picha nilizonazo, zilizopigwa makumbusho, zinaonyesha mabamba membamba yakining'inia kando ya minyororo, lakini katika sanduku langu hayamo. Je, niyatengeneze mwenyewe? Tena, tureti yangu, ile sehemu ya juu inayozunguka pamoja na mzinga, ni nyororo kama yai. Nifanyeje ionekane kuwa ya chuma?

JIBU: Usiyatengeneze. Mabamba hayo ni ya IS-2M, yaani vifaru vilivyofanyiwa matengenezo makubwa katika miaka ya 1950, vikabadilishiwa injini na kuongezewa mabamba ya pembeni pamoja na masanduku ya vifaa juu ya madigadi. Vifaru vingi vinavyoonekana leo makumbusho na juu ya minara ya ukumbusho vilipitia matengenezo hayo, kwa hiyo picha zake zinafaa kukuonyesha umbo la tureti na magurudumu, ila kwa vitu vilivyofungwa juu ya madigadi zitakupoteza. Hapo tumia picha zilizopigwa wakati wa vita.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi, ambalo hukuliuliza, ni uso wa mbele. Vifaru vya kwanza, vilivyoanza kutoka kiwandani Chelyabinsk, Urusi, mwishoni mwa mwaka 1943, vilikuwa na uso uliovunjika kama ngazi, na dereva alikuwa na kidirisha cha kufungua. Kuanzia katikati ya mwaka 1944 uso ulinyooshwa ukawa mteremko mmoja, na dereva akabakiwa na mwanya mwembamba tu wa kuchungulia. Ngao ya mzinga, yaani bamba nene linalozunguka shina la mzinga mbele ya tureti, nayo ilipanuliwa mwaka huohuo, na bunduki ya rashasha ya DShK juu ya tureti ikaanza kufungwa baadaye. Kwa kuwa umechagua mwaka 1945, uso ulionyooka, ngao pana na DShK vinakwenda pamoja bila shaka yoyote. Watengenezaji wengine hutia vipande vya vipindi vyote katika sanduku moja na kumwachia mnunuzi achague, na hapo ndipo modeli nyingi huharibika.

Kabla ya kutia gundi, pima. Bodi la kifaru halisi, bila kuhesabu mzinga, lina urefu wa takriban mita 6.77 na upana wa mita 3.09, kwa hiyo kwa skeli yako litakuwa karibu milimita 193 kwa 88. Kipenyo cha tundu la mzinga wa milimita 122 kitakuwa milimita 3.5 hivi; ikiwa mdomo wa mzinga umezibwa kwa plastiki, utoboe polepole kwa kekee ndogo ya mkono.

Sasa tureti. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, hivyo ngozi yake ilikuwa na mikwaruzo na vinundu vya kalibu, tofauti na mabamba yaliyopitishwa kwenye mashine ya kusawazisha, kama yale ya ubavuni mwa bodi. Paka gundi nyepesi ya plastiki sehemu ndogo ndogo, subiri kidogo ilainishe uso, kisha ugongegonge kwa ncha ya brashi ngumu iliyokatwa fupi. Ikikauka, pitisha msasa laini ili vilele vipungue. Usizidishe: kinundu cha milimita 3 kwenye chuma halisi hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita katika skeli yako, na modeli nyingi ninazoziona zina ngozi ya mamba. Mishono ya kuchomelea itengeneze kwa udongo wa epoksi uliosokotwa mwembamba kama uzi, kisha uukandamize kwa ncha ya sindano ili upate vile vimawimbi vyake.

Minyororo iache ilegee kidogo kati ya magurudumu matatu madogo ya juu, maana chuma kizito namna ile hakikai kimenyooka. Rangi ni kijani cha jeshi, ukiichanganya na nyeupe kidogo ili isionekane nzito mno kwenye kitu kidogo. Mstari mweupe uliozungushiwa tureti ili ndege za Kisovyeti na za washirika zitambue vifaru hivyo uchore kwa mkono, bila kubandika utepe wa kuzuia rangi, kwa sababu askari waliupaka kwa brashi na kwa haraka.