Gunia Halina Miguu

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba mwaka 2019 nilikuwa karani wa ghala la chakula cha msaada nchini Msumbiji, baada ya vimbunga Idai na Kenneth. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa mezani, nami nimechagua nne. Zile za kuniomba niwatafutie vijana kazi kwenye mashirika nimeziweka kando; sina undugu na mkurugenzi yeyote.

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Kilindoni, Mafia. Kimbunga Hidaya kilipopita kwetu Mei 2024, kikundi chetu kilichangishana mchele, unga na sukari tukapeleka kijiji kimoja. Tulipofika tukakuta wenzetu wameshagawa asubuhi ile ile, tena kwa watu wale wale. Tukarudi tumenuna. Tulikosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mlikosea pale pale walipokosea wenye helikopta, kwa hiyo usinune sana.

Idai kilipiga Beira usiku wa Machi 14 kuamkia 15. Kilikuwa kimeshapita mara moja mwanzoni mwa mwezi, kikamwaga mvua Msumbiji na Malawi, kikarudi baharini kujikusanyia nguvu, kisha kikaja kumalizia kazi. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika hadi bara likageuka bahari. Watu walikaa juu ya miti na mapaa siku kadhaa. Barabara kuu ya kutoka Beira kwenda Chimoio ikakatika. Fikiria: mji wa bandari, meli zinaweza kuja, na ng'ambo ya maji watu hawana hata punje, kwa sababu mahindi yalikuwa yamebakiza wiki chache tu yavunwe.

Nilifika mwishoni mwa Machi. Shughuli zote zilikuwa zinaendeshwa kutoka uwanja wa ndege wa Beira, watu wa taasisi ya maafa ya serikali ya Msumbiji wamebanana na watu wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya kila rangi ya fulana. Kelele tupu. Lakini ukutani kulikuwa na karatasi moja kubwa yenye safu: nani, nini, wapi, lini. Shirika fulani, unga na maharage, kijiji fulani, Jumanne. Kila jioni watu wa chakula walikutana mbele ya karatasi ile, na asiyeandikwa pale hakupewa nafasi kwenye helikopta. Siku za kwanza karatasi ilikuwa na mapengo, na ndizo siku ambazo kambi moja ya barabarani ilipata mgao mara mbili huku walio ndani zaidi wakisubiri. Kambi ya barabarani inaonekana, mwanangu. Gari linafika na picha inapigwa.

Ninyi hamhitaji ukuta wa uwanja wa ndege. Daftari moja la shule linatosha, likae kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa mfano ofisi ya mtendaji, naye awe anapeleka habari kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Kabla hamjapakia hata kilo moja, pigeni simu mseme: sisi fulani, tuna hiki, tunakwenda pale, siku hii. Mkiambiwa pale pameshajaa, geuzeni boti.

Sasa nikuambie kosa langu mimi, maana ulilouliza ni dogo kuliko hili.

Kenneth kilitua Aprili 25 kaskazini, mkoa wa Cabo Delgado, kati ya Mocímboa da Praia na Macomia, wiki sita tu baada ya Idai. Nikahamishiwa Pemba. Yaani Pemba ya Msumbiji. Msije mkaniuliza habari za karafuu. Mimi mtu wa Mikindani nilijiona nimefika nyumbani: Wamakonde ninawajua, na Kimwani, lugha ya visiwani kule, nusu nilikielewa bila mkalimani. Mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo na helikopta zikashindwa kuruka. Tukatumia muda huo kuandaa orodha za vijiji.

Kijiji kimoja cha pwani kiongozi wake alileta orodha safi, mwandiko wa kupendeza, kaya 412. Nikapiga hesabu. Kipimo tulichotumia ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage na gramu 25 za mafuta; ukiongeza kidogo unga wa lishe unakaribia zile kalori 2,100 ambazo mtu mmoja anakadiriwa kuhitaji kwa siku. Kaya ya watu 5 kwa siku 15 ni kilo 30 za nafaka, kilo 4 na nusu za maharage na karibu lita 2 za mafuta. Gunia ni la kilo 50, kwa hiyo tunawaweka kaya tano tano: magunia matatu kwa kaya tano, wanagawana wenyewe kwa kisado mbele ya karani. Mafuta yalikuja kwenye madebe ya lita 4, debe moja kwa kaya mbili. Hesabu ilitoka kama maji.

Siku ya mgao, mistari imenyooka, nikaona kina mama wamekaa chini ya mwembe wala hawasogei. Nikadhani wanasubiri zamu. Saa sita ikapita. Nikamwendea mmoja nikamuuliza kwa Kiswahili changu, akanijibu kwa Kimwani chake: yeye ni mke wa pili. Jina lililoandikwa ni la mume, na mume amesimama mstarini kwa ajili ya nyumba ya mke mkubwa. Chini ya mwembe ule walikuwa wake wa pili na wa tatu, kila mmoja na jiko lake na watoto wake, na kwenye orodha hawamo.

Msomaji wangu, mimi mwenyewe ni mke wa pili. Nimepika kwenye jiko langu miaka thelathini. Na bado niliipokea orodha ile, nikaipigia hesabu na kuigonga muhuri bila kuuliza swali moja: hii kaya inahesabiwa kwa mume au kwa chungu? Mgao tuliusimamisha. Tuliandika upya kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba tukihesabu mafiga, na kijiji kikatoka na kaya 530 na ushei. Chakula cha ziada kilichukua siku sita kufika. Wale walioondoka mikono mitupu siku ile ninawakumbuka vizuri kuliko magunia yote niliyosaini.

Kwa hiyo ukiandaa orodha huko Mafia, hesabu majiko. Kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu, kabla gari halijaja. Watu wenyewe watasema: huyu alishahamia Dar es Salaam, huyu marehemu, na yule bibi kipofu wa nyuma ya kisima mbona hayumo? Kelele za siku hiyo zivumilieni, maana mkizikwepa zitawakuta kwenye gari limejaa.

Assalaam alaykum bibie. Sisi ni kina mama wa asili ya Zanzibar tunaoishi Muscat. Kila likitokea janga Afrika Mashariki tunataka kujaza kontena: nguo, vyakula vya makopo, mablanketi. Mume wangu anasema tutume pesa tu. Nani yuko sahihi?

Waalaykumu salaam. Mumeo, na najua hukutaka kusikia hilo.

Kontena likifika bandarini linataka karatasi za forodha, msamaha wa ushuru, mtu wa kulipokea, lori na ghala. Baada ya kimbunga, ghala kavu ni mali kuliko unga wenyewe, na nimeona kwa macho yangu marobota ya makoti ya baridi yamekalia nafasi ya magunia, mwezi wa nne, kwenye joto la Beira. Viatu vya visigino virefu pia nilivipokea. Jozi moja ilikuwa mguu wa kushoto mara mbili.

Pesa hununua mchele wa karibu, ule ambao watu wanaujua kuupika. Soko likifunguka, hata mgao wa magunia unaweza kupungua, familia ikapewa vocha au fedha ikanunua yenyewe mchele, samaki, sabuni. Lakini hapa nawatetea kidogo: pesa isitangulie soko. Wiki ya kwanza, duka likiwa halina paa wala bidhaa, noti ni karatasi, na muuzaji mmoja aliyebaki atapandisha bei mpaka mkome. Basi tafuteni mtu au taasisi iliyopo pale pale, mumuulize leo kinakosekana nini, halafu tumeni. Kama nyoyo zenu hazitulii bila kupakia kitu, pakieni ndoo zenye vifuniko na maturubai mazuri. Hakuna aliyewahi kunirudishia turubai.

Mama, jirani yangu hapa Mtwara alitokea Cabo Delgado. Anasema kule jina la mwanamke haliingii kwenye orodha ya chakula mpaka "aongee vizuri" na kiongozi wa mtaa. Ni kweli au ni maneno ya watu? Mimi ni mwanamke, naomba usilitaje jina langu.

Sitalitaja, dada yangu. Na ni kweli. Yametokea, na yaliandikwa. Aprili 2019, shirika la Human Rights Watch lilitoa ushuhuda wa wanawake walionusurika Idai ambao viongozi wa mitaa waliwadai pesa, na wasiokuwa na pesa wakadaiwa miili yao, ili wapate chakula cha msaada. Chakula cha bure, kilichokuwa tayari ghalani.

Nitakueleza mlango anaopitia mtu wa namna hiyo. Shirika linafika mahali halimjui mtu. Lina haraka. Linamwendea kiongozi: tuletee majina. Toka dakika hiyo, kalamu ya yule bwana ina thamani kuliko duka. Hata aliye mwema ataanza na ndugu zake. Asiye mwema ndiyo hayo uliyoyasikia. Ghalani mimi sikuweza kuyaona, maana kwenye leja yangu kila kitu kilikuwa sawa: magunia yametoka, vidole gumba vimepigwa. Leja haionyeshi jina lilipandaje.

Kilichosaidia ni vitu vya kuchosha. Orodha kutengenezwa na kamati yenye wanawake zaidi ya mmoja, kwa sababu mmoja peke yake huwekwa pembeni achemshe chai. Kusomwa hadharani, kama nilivyomwambia yule kijana wa Mafia. Meza ya malalamiko kukaa mbali na kiongozi, akae mwanamke anayejua lugha ya pale, kwani mtu hawezi kusema jambo kama hili kwa Kireno cha kuunga. Kutangaza kwa kipaza sauti, kila mgao, kwamba chakula hakiuzwi na hakilipiwi kwa namna yoyote, na kutaja kiasi: kilo kadhaa, lita kadhaa, ili anayepunjwa ajue amepunjwa. Kuanzia Mei mwaka ule kukawa na namba ya bure, 1458, wakiiita Linha Verde, yaani laini ya kijani kwa Kireno, ikiendeshwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa niaba ya mashirika mengine pia. Tuliibandika kwenye kila turubai. Lakini namba ya simu inamfaa mwenye simu, na simu nyingi zilikwenda na maji. Meza ya yule mwanamke ndiyo iliyopata watu.

Jirani yako, kama yalimfika yeye mwenyewe, usimlazimishe kusimulia ili upate kuamini. Mwulize kama anataka kwenda hospitali au kuzungumza na mtu wa ustawi wa jamii, na kama anataka, mfuate mpaka mlangoni.

Kwa nini mashirika hupeleka biskuti? Watu wamepoteza nyumba, halafu unawapa biskuti kama watoto wa chekechea! Baba wa watatu, Tanga.

Kaka, umewahi kupika ugali juu ya mti?

Mtu aliyeokolewa mafurikoni hana sufuria, hana kuni kavu, hana maji salama; Beira kipindupindu kilithibitishwa kabla Machi haijaisha, na mapema Aprili chanjo zikaanza. Mahindi mazima ni mabaya zaidi, kwani mashine ya kusaga imelala matopeni na dizeli hakuna. Niliwaona watu wakiyatwanga kwa mawe. Biskuti zile zimetiwa nguvu na vitamini, zinaliwa hivyo hivyo na hubebeka kwa helikopta. Ni za siku chache za mwanzo, mpaka sufuria zipatikane. Ladha yake sitakudanganya. Nilirudi na pakiti moja nyumbani, mjukuu wangu akaonja akaniuliza kama ni chaki. Na kabla hamjaanza: pakiti ile ilikuwa imelowa pembeni, ikafutwa kwenye leja, na aliyeweka saini ya kuifuta siyo mimi.