Kicheko Kinachomrudisha Msomaji kwa Mwandishi

Hapa Nairobi maandishi ya kuchekesha husambaa upesi kuliko mengine yoyote, lakini mara nyingi husambaa bila jina la aliyeyaandika. Aya nzuri hunakiliwa, ikabandikwa katika kundi la WhatsApp la ukoo, la chama au la wapangaji, na kufikia jioni inasomwa na watu wasiojua ilitoka wapi. Kwa mwandishi anayejenga jina hiyo ni hasara kubwa. Kinachompatia wasomaji wa kudumu ni kiungo (link), yaani maneno ya kubofya ambayo mwandishi mwingine anayaweka katika makala yake ya mtandaoni ili kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye ukurasa wa yule wa kwanza. Nimeandika kwa miaka kadhaa kuhusu maisha ya jiji hili, na nina hakika kwamba mzaha peke yake hauleti viungo. Huleta viungo unapobeba kazi ambayo mtu atataka kuirudia.

Larry Page na Sergey Brin, walipoieleza Google mwaka 1998 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walijenga utafutaji wao juu ya wazo kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo vingi, hasa kutoka kurasa ambazo zenyewe zinaheshimika, una uzito zaidi. Mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini msingi huo haujaondoka. Anayekuwekea kiungo anakudhamini mbele ya wasomaji wake, na hakuna anayemdhamini mtu ovyo.

Makala yangu iliyopata viungo vingi kuliko zote ilihusu nauli za matatu wakati wa mvua. Ilikuwa na mizaha ya kutosha. Sentensi iliyonakiliwa zaidi ilisema kwamba wingu likitokea upande wa Ngong, kondakta wa Rongai huliona kabla ya watabiri wa hali ya hewa. Hata hivyo, waliojisumbua kuweka kiungo walifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimeandika, njia kwa njia, nauli ya kawaida na ile ya siku ya mvua, pamoja na saa ambazo tofauti huwa kubwa zaidi. Mzaha uliwafanya wasome mpaka mwisho, na jedwali likawafanya wawatume wenzao. Jedwali la namna hiyo haliingii vizuri katika ujumbe wa simu, tena hubadilika, kwa hiyo anayelihitaji hulazimika kuja lilipo.

Tofauti kati ya mzaha unaosambaa tu na maandishi yanayowekewa viungo niliiona pia Julai 2015, CNN ilipoieleza Kenya kuwa kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya walijibu kwa mizaha mingi na mikali kwenye Twitter, hata mkuu mmoja wa shirika hilo akasafiri hadi Nairobi mwezi uliofuata kuomba radhi. Yalikuwa mafanikio makubwa ya kicheko cha pamoja, lakini sikumbuki jina la mwandishi hata mmoja. Kinyume chake, insha ya mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina iliyochapishwa na jarida la Granta la Uingereza mwaka 2005, ambayo inajifanya kuwapa waandishi wa kigeni maelekezo ya kuliandika bara letu, bado inasomwa na kuelekezewa viungo pamoja na jina lake. Ilianza kama barua ya hasira kwa mhariri. Nguvu yake inatokana na usahihi: kila elekezo linagusa kosa ambalo msomaji amewahi kuliona mahali, na hasira imepewa umbo linaloshikika tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ndiyo sababu nawasihi waandishi chipukizi watumie muda mwingi katika kuangalia kuliko katika kutunga vichekesho. Keti kwenye foleni ya benki, kwenye kinyozi, katika mkutano wa wapangaji, uandike watu wanasema nini hasa, kwa mpangilio gani, na wananyamaza wapi. Kisha andika kwa Kiswahili safi, ukiweka jambo la kuchekesha mwishoni mwa sentensi, kwa maana likitangulia, maneno yanayofuata hulizima. Soma kwa sauti. Futa kila alama ya mshangao, na usimwambie msomaji kwamba kinachofuata kitamchekesha.

Usicheke kabila la mtu wala umaskini wake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza maneno ya chuki ya kikabila, lakini hata pasipo sheria, mwandishi makini hataweka kiungo cha maandishi yatakayomwaibisha mbele ya jirani yake. Mzaha unaomlenga mwenye nguvu, au tabia ambayo sote tunayo, ndio unaopitishwa bila woga.

Viungo vya kununua sivitaki kabisa; Google imekuwa ikiviadhibu, hasa tangu mabadiliko ya Aprili 2012 ya mfumo wake wa utafutaji, yaliyoitwa Penguin. Badala yake, ukimaliza makala nzuri, mwandikie mtu mmoja au wawili wanaoandika kuhusu jambo hilohilo, kwa sentensi chache, ukimwonyesha ni sehemu gani ya makala yako itawafaa wasomaji wake. Kisha irudie makala kila nauli zinapobadilika, urekebishe takwimu, na uandike juu kabisa tarehe ya marekebisho.