Kutambua bamba za shaba njano zisizo na jina

Ndugu, umeuliza utazitambuaje bamba za shaba njano za kuundia treni ndogo za mfano (karatasi za chuma zenye vipande vya kukata na kuunganisha), ulizonunua mkononi mwa mtu bila boksi wala maelekezo. Tafadhali usikate kipande chochote kwanza! Inamisha bamba kwenye mwanga uangalie ukingo wake: mara nyingi jina la mtengenezaji au namba za vipande zimo humo, na watu huutupa ukingo huo wakishakata vipande. Kisha pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) umbali kati ya matundu ya ekseli, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu. Futi 7 za injini halisi huwa milimita 28 kwenye skeli (kipimo cha kupunguzia) ya OO, yaani milimita 4 kwa kila futi, na 49 kwenye skeli ya O ya Uingereza, yaani milimita 7 kwa kila futi. Ukishajua skeli, linganisha vipimo na michoro ya injini zenyewe; umbali wa ekseli haudanganyi kirahisi. Tuwekee picha za pande zote mbili, rula ikiwa kando.