Kuhusu mtoto anayeitwa "Dagaa" shuleni

Dada, umeuliza kama mwanao wa darasa la nne, anayezomewa "Dagaa" kwa sababu unauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, atasahau akikua. Usisubiri asahau. Uingereza watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa 1958 hadi ukubwani. Wale walioonewa mara kwa mara utotoni, walipofika miaka 50 bado walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao. Miaka 50, dada!

Usimwambie apigane. Mwulize taratibu: nani anaanza, wapi, na nani wanacheka. Hao wanaocheka ni muhimu sana. KiVa, programu ya Finland ya kuzuia uonevu shuleni, inawafundisha hasa watazamaji wasimshangilie mwonevu, wasimame na anayeonewa. Kwa hiyo mwombe mwalimu wa darasa ampangie rafiki mmoja wa kukaa naye na kutoka naye mapumziko, na azungumze na darasa zima bila kumtaja mwanao. Wakikwambia "ni utani wa watoto", panda kwa mwalimu mkuu.

Akianza kukataa shule au wakimpiga, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Na kama kuna kipigo, Dawati la Jinsia na Watoto polisi linapokea kesi hizo.