Maswali Yenu: Tela la Baiskeli Mpaka Iringa

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi na mshkaji wangu tunataka tutoke Morogoro mpaka Iringa kwa baiskeli, mzigo kama kilo 30 hivi, hema na sufuria humohumo. Fundi kasema atatuchomelea tela, sasa bora la tairi moja au mawili?

JIBU: Poa kabisa kaka. Mi ningechukua la tairi moja, maana linafata mlemle ilipopita baiskeli na ni jembamba, na barabara ile malori hayakupi nafasi. La mawili linabeba zaidi na halianguki mkisimama, ila pembeni ya lami linayumba balaa. Vitu vizito viweke chini, mbele kidogo ya ekseli (kile chuma kinachoshika tairi), ukiweka nyuma tela linainua mkia wa baiskeli na hapo ndo utajuta. Mikumi msikatize kwa baiskeli jamani, ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi, tembo na simba wapo kweli, ombeni lifti ya lori la Fuso. Kwenye mlima wa Kitonga mtasukuma tu, hamna aibu. Ila wakati wa kurudi mteremko uleule tela linakusukuma mgongoni, kwa hiyo breki zote mbili, bana-achia bana-achia, mapema kabla ya kona. Na tyubu ya spea ya tela msisahau, saizi yake ni tofauti.