Sijaomba ovadrafti, mbona niko mainasi?

Asalaam alaikum dada. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni hapa Shela, Lamu. Nina standing oda, kila tarehe 1 benki yangu inatoa pesa kwa akaunti kupeleka sako, loni ya mashine ya boti. Sasa kusi imeingia, bahari chafu, wageni hakuna, akaunti tupu. Juzi mteja wa zamani kanitumia 5,000, kuangalia salio nakuta 3,160. Ati nilikuwa mainasi 1,840! Wallahi sijaomba ovadrafti kwa mtu. – Nahodha, Shela

Waalaikum salaam kaka. Pole, na ni kweli hujaomba. Ovadrafti (benki kukuachia utoe pesa zaidi ya zilizomo) ya kuomba unasaini fomu na riba unaambiwa mapema. Hii yako ni chaji tu zilizorundikana: tarehe 1 ikifika na hakuna kitu standing oda inafeli, kufeli kwenyewe kuna chaji, juu ya chaji kuna ushuru wa serikali, na kama akaunti yako inakatwa kila mwezi nayo hiyo inaandikwa hata pesa hamna, basi miezi ikipita hivyo, shilingi ya kwanza kuingia benki ndio inakula kwanza.

Nenda tawini, chukua stetimenti ya tangu kusi ianze, kaa na kalamu uweke alama kila mstari wa chaji. Ukiona standing oda ya mwezi mmoja imekatwa chaji mara mbili, hapo ndipo pa kushika, uliza kwa nini, na uombe warudishe. Waombe pia orodha ya tozo zao. Sheria za Benki Kuu zinataka mteja aambiwe siku 30 kabla chaji haijabadilishwa, kwa hiyo "zilipanda" peke yake si jibu. Andika malalamiko kwa barua au imeili, usiongee tu pale kaunta, maana maneno ya kaunta hayana nambari. Wakikuzungusha peleka Benki Kuu, wana tawi Mombasa.

Halafu ongea na sako kabla ya tarehe 1 nyingine, waeleze hali ya kusi (sako ya Lamu isiyojua kusi sijaiona), mkikubaliana ndio uende benki kusimamisha au kusogeza ile oda. Usiikimbie akaunti. Deni la chini ya 1,000 halipelekwi CRB (wanaoweka rekodi za wanaoshindwa kulipa madeni) lakini lako lilikuwa limeshapita hapo, japo lazima wakupe notisi ya siku 30 kwanza. Na tafadhali mainasi ikirudi usiifukie na Fuliza (ovadrafti ya M-Pesa), ile inakula asilimia 1 ukichukua tu halafu kuna chaji ya kila siku.

Mwanangu, kijana wangu anasoma Marekani. Kanunua kahawa ya dola 4 kwa kadi, benki ikamkata dola 35 ati akaunti haikuwa na pesa. Hii ni haki kweli? Nasikia serikali yao ilisema isizidi 5. – Mama, Barani, Malindi

Shikamoo mama. Ile ya dola 5 ilipitishwa mwisho wa 2024 ikafutwa 2025 kabla haijaanza. Lakini kuna sheria ya tangu 2010 na bado ipo: kwa kadi ya dukani na ATM, benki haiwezi kukata chaji ya ovadrafti mpaka mteja mwenyewe awe amekubali. Kijana yawezekana alitia tiki siku ya kufungua akaunti bila kusoma, nani anasoma zile karatasi? Awapigie leo aseme anajitoa, ni ruhusa yake wakati wowote, kuanzia hapo kadi itakataa tu na hakuna chaji. Hundi na bili zinazojikata zenyewe hazimo kwa sheria hiyo, aziangalie.

Akiwa kwenye simu aombe na ile 35 irudishwe, kama ni mara ya kwanza wengi hurudishiwa. Wakikataa ahame, Capital One na Citibank ziliacha chaji hii kabisa 2022. Na wewe mama usimtumie pesa za kufidia mpaka awe amewapigia.