Matairi ya Kupunguza Mafuta: Watu wa Nyanda za Juu Tununue kwa Kusoma, Si kwa Kuambiwa

Mdogo wangu mmoja wa Makambako ameniandikia: "Shikamoo dada. IST yangu matairi yamekuwa vipara. Nasikia kuna matairi yanayopunguza ulaji wa mafuta. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji?"

Marahaba. Ni kweli, yapo. Umeniuliza wakati mzuri, maana juzi nimetoka Iringa kusambaza viroba vya mchele, na Premio yangu imekwenda na kurudi kwa mafuta machache kuliko safari yoyote tangu niinunue. Injini sijaigusa. Nimebadilisha matairi na nimeshika nidhamu ya upepo, basi. Najivunia jambo hili na sioni haya kulisema. Biashara ya mchele wa Usangu faida yake ni nyembamba. EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi wa Mbeya tunajua kwetu itakuwa juu kuliko Dar es Salaam, kwa sababu mafuta yenyewe yamesafirishwa kutoka huko hadi yatufikie. Kila lita inayobaki kwenye tenki ni ada ya mtoto.

Sasa tairi linakulaje mafuta? Kila linapogusa lami linabonyea, likizunguka linajirudi. Katika kubonyea na kujirudi huko mpira unapata joto, na joto hilo umelilipia sheli. Mwaka 1992 Michelin walitoa tairi ambalo sehemu ya masizi meusi kwenye mpira wake ilibadilishwa kwa silika (madini yanayopatikana kwenye mchanga), na upotevu huo ukapungua. Leo karibu kila kampuni kubwa ina aina yake: Bridgestone wana Ecopia, Dunlop wana Enasave, Yokohama wana BluEarth. Magari mengi tunayoagiza Japani yanashuka bandarini yakiwa na hayo hayo, sisi tunayavua bila kujua tulichokuwa nacho.

Lakini usitegemee muujiza. Ukipunguza ukinzani wa tairi, yaani nguvu inayopotea likizunguka, kwa asilimia 10, mafuta yanapungua kama asilimia 1 hadi 2. Kwa anayezunguka Mwanjelwa na Kabwe tu ni fedha kidogo. Kwa anayekula lami ya Mbeya hadi Iringa kila wiki, kama mimi, inaonekana.

Niseme na hili, bado linaniuma. Duka la kwanza nililoingia hapa mjini nilimuuliza muuzaji, "Hili tairi kwenye mafuta lina herufi gani?" Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwanaume aliyekuja kununua betri, wakacheka, ndipo akaniambia, "Mama, kamlete baba tuelewane." Gari ni langu, fedha ni zangu, na barabara ile naiendesha mwenyewe usiku na mchana. Nilitoka. Duka la pili kijana alishusha tairi kutoka juu ya rundo, akafuta vumbi kwa kiganja, stika ikaonekana: picha ya pampu ya mafuta na herufi yake, picha ya wingu la mvua na herufi ya kushika breki kwenye maji, na alama ya kelele chini. Hiyo ni stika ya Ulaya. Tangu Mei 2021 herufi zake zinaanzia A, iliyo bora, hadi E. Wajapani nao wana yao tangu 2010: kwenye mafuta inaanzia AAA na kushuka hadi C, kwenye mvua ni a hadi d. Dakika mbili tu tulielewana, mimi na yule kijana, bila baba yeyote.

Nikachukua lenye B ya mafuta na A ya mvua, nikaacha lenye A ya mafuta na D ya mvua. Hapo ndipo watu wanaponibishia, na hapo ndipo sitarudi nyuma. Mpira unaozunguka kwa wepesi mara nyingi hupungukiwa kushika kwenye maji, na kutengeneza unaofanya yote mawili ni kazi ya ufundi inayolipiwa. Sisi si watu wa tambarare. Ukiwa unapanda Mlima Nyoka unainua uzito wa gari zima, na hakuna tairi litakalokusaidia kuuinua. Akiba yako inapatikana bondeni Usangu, Igawa, Chimala, Igurusi, kule gari linapokwenda kwa wepesi kwa mwendo mmoja. Ukiwa unashuka, tena kwa mvua ya Tukuyu na ukungu wake, na lori limesimama mbele yako, unachohitaji ni breki. Jamani, usiuze breki ili ununue mafuta. Una watoto wanaokusubiri nyumbani.

Halafu upepo. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko cha kiasi cha upepo. Magari ya Japani yanaandika kwa kilopaskali (kPa), mfano 220, ambayo kwenye geji ya fundi ya psi ni 32. Jaza hivyo, na upime asubuhi kabla gari halijatembea. Ukijazia Igurusi mchana tairi likiwa la moto, ukalala Mafinga na baridi yake, asubuhi utakuta limepungua, kwa sababu kila nyuzi joto tano au sita zinazoshuka huondoka na karibu alama moja ya geji. Tairi lililolegea linabonyea zaidi, na tairi la bei mbaya lisilo na upepo linakula mafuta kuliko la bei rahisi lililojazwa vizuri. Nimelisema hili kwa watu wengi wakaona nawahubiria. Nitaendelea kuhubiri. Geji yangu inakaa kwenye dashibodi.

Usikate tamaa wiki za mwanzo. Tairi jipya lina kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa lami) nene, nazo zinabonyea kuliko zilizolika, hivyo ukilinganisha na vipara vyako utadhani umeibiwa. Mimi tofauti niliiona baadaye. Pima kwa kujaza tenki hadi juu, tembea, jaza tena sheli ile ile, gawa kilomita kwa lita.

Mtumba mimi sinunui, hata likiwa Ecopia. Ukilazimika, tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na mpira wa umri huo umeshakauka hata kama kashata bado zinang'aa. Angalia pia uzito. Baada ya saizi, mfano 195/65R15, utaona 91; maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Usishuke chini ya namba iliyokuja na gari lako, hasa wewe unayepakia viazi.

Na kama fedha zinatosha mawili tu, mdogo wangu, mapya yafungwe nyuma. Fundi atakwambia mbele kwa sababu ndiko usukani uliko. Mkatalie. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka na huwezi kulirudisha, lakini mbele ikiteleza bado unaweza kuachia mafuta, likapungua mwendo na kushika tena. Mengine mawili utayanunua msimu wa viazi ukiisha, saizi ile ile na herufi zile zile.